Relei smati kwenye taa ya swichi mbili: ikigoma, anzia hapa

Nyumba nyingi za Tanga zina taa ya tuwei hata kama mwenyewe hajui inaitwa hivyo. Zile nyumba za Kiswahili za Ngamiani, korido imepita katikati kutoka mlango wa mbele mpaka mlango wa uani, swichi moja iko huku nyingine kule, taa moja katikati, unaingia unawashia mbele unatokea nyuma unazimia huko. Za ghorofa kule Raskazone na Chumbageni ni ngazi, swichi chini na swichi juu. Siku hizi watu wamezipenda hizi relei smati, kidude cha kuenea kiganjani kinakaa nyuma ya swichi au kwenye taa, unawasha na kuzima kwa simu hata ukiwa Muheza. Kwenye taa ya swichi moja haina maneno mengi. Kwenye tuwei ndiyo inawatoa watu jasho, na malalamiko yanayorudi ni yale yale, na karibu yote mzizi wake mmoja: relei imepewa waya ambao aliyeufunga alidhani una moto, yaani umeme, saa zote, kumbe moto wake unakuja na kuondoka kila mtu anapogusa swichi.

Nimepanga kwa dalili. Tafuta yako, lakini vipande viwili vya mwanzo visome hata kama una haraka.

Kabla hujalegeza skrubu

Zima breka ya taa kwenye DB, yaani boksi la breka (kwa taa ya ngazi zima meini swichi kabisa), siyo swichi ya ukutani, na waambie watu wa nyumbani kwamba umeizima wewe, maana kwetu mtu akiona giza anakwenda kuangalia LUKU, akikuta breka iko chini anaipandisha bila kuuliza na wewe uko juu ya ngazi umeshika waya. Bandika tepu juu ya breka. Kama kuna jenereta au inverta ya sola nayo itenganishwe, kuna nyumba umeme wa TANESCO umekatika lakini taa zina moto kutoka kwenye betri.

Halafu pima. Tesita ya bisibisi ile yenye kitaa inadanganya pande zote mbili, inawaka kwenye waya usio na moto wa kweli, na siku kitaa chake kikifa inakwambia pako salama. Tumia mita ya kupimia umeme (maltimita): pima kwanza mahali unapojua pana moto, kisha pima waya wako, kisha rudi tena pale penye moto uhakikishe mita yenyewe haijafa hapo katikati.

Mita ya LUKU, sili zake na waya unaotoka nguzoni ni vya TANESCO, usiviguse na fundi wa mtaani asiviguse. Na kazi ya kufunga au kubadilisha wayaringi ya nyumba ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Maelezo haya yakusaidie kukagua, kuelewa, na kumwelekeza fundi wako badala ya yeye kukisia kwa gharama yako.

Ijue tuwei yako kwanza

Swichi ya tuwei ina skrubu tatu. Moja ni COM, mbili zilizobaki ni L1 na L2. Kwa ufungaji wa kawaida moto unatoka kwenye breka unaingia COM ya swichi ya kwanza, halafu nyaya mbili za kupokezana zinaunganisha L1 kwa L1 na L2 kwa L2, kisha COM ya swichi ya pili inapeleka moto kwenye taa. Niutro, waya wa kurudi wa umeme, inakwenda kwenye taa moja kwa moja, haipiti kwenye swichi.

Hapo ndipo pa kukazia macho. Kwenye nyumba zetu nyingi boksi la swichi halina niutro kabisa, na moto wa kudumu upo kwenye boksi moja tu kati ya mawili. Relei inataka vyote viwili saa zote, kwa sababu ndani yake kuna redio ya Wi-Fi na kichipu kinachotakiwa kiwe macho hata taa ikiwa imezimwa. Ndiyo maana mahali pake pazuri mara nyingi ni kwenye taa, penye raundi boksi (boksi la duara la maunganisho), kwa sababu niutro iko pale tayari, na moto wa kudumu kama haupo unavutwa waya wa nyongeza kwenye paipu ile ile. Ikishafungwa hivyo, swichi zako mbili hazibebi tena umeme wa taa, zinabisha hodi tu, anayefungua mlango ni relei.

Jambo jingine ambalo limeua relei nyingi: njia za swichi hazifanani. Relei ya Shelly 1 ina tundu la SW linalopokea moto, yaani moto unaingia COM ya kwanza, unapita nyaya za kupokezana, unatoka COM ya pili unaingia SW. Relei ya Sonoff MINI ina S1 na S2 ambazo hazitakiwi kuletewa moto hata kidogo, unatoka S1 unakwenda COM ya swichi ya kwanza, unapita nyaya za kupokezana, unarudi kutoka COM ya pili mpaka S2, na ule moto wa zamani uliokuwa COM ya kwanza unaondolewa kabisa. Ukiingiza volti 230 kwenye S1 umeichoma. Na kwa sababu S1 na S2 hazijatenganishwa na umeme mkubwa huko ndani, usizishike relei ikiwa na moto ukidhani ni volti ndogo za kuchezea. Zile zisizo na jina kubwa zinazouzwa madukani nyingi nazo zina S1 na S2, ila soma karatasi yake, usifuate picha ya relei nyingine.

Mtu akigusa swichi relei inakufa, kwenye simu inaandika haipo hewani

Hii ndiyo namba moja. Mwenye nyumba anakwambia, "Mwanangu, taa ya ukumbini nikiizimia uani simu haiioni tena mpaka nirudi niiguse swichi." Maneno hayo peke yake yameshakupa jibu: L ya relei, tundu lake la kupokea moto, imechukuliwa kwenye waya wa kupokezana, au kwenye ule uliokuwa unakwenda taa. Swichi ikiwa upande huu waya una moto, ikigeuka hauna, relei inazimika kama umechomoa plagi.

Kujua kwa uhakika, swichi mbili za tuwei zina mikao minne: zote juu, zote chini, ya kwanza juu ya pili chini, na kinyume chake. Waya wa kudumu ni ule unaosoma takriban volti 230 kwa niutro katika mikao yote minne. Ukisoma mitatu tu ukaridhika umerudi kule kule. Na hapa mita ya dijitali ina mtego wake, waya wa kupokezana ambao haujashikwa na chochote unaweza kusoma volti 40 au 90 kwa sababu umelala sambamba na mwenzake wenye moto ndani ya paipu, huo ni umeme wa kunyemelea, hauna nguvu ya kuwasha kitu. Mafundi wanaumaliza ubishi kwa balbu ya kupimia, balbu ya zamani ya waya kwenye holda yenye nyaya mbili: inawaka kwa nguvu, moto ni wa kweli, haiwaki, achana na waya huo. Kipimo hiki kinafanyika umeme ukiwa umewashwa, kwa hiyo kama hujazoea kufanya kazi penye moto mwachie fundi.

Marekebisho ni kuhamisha L kwenda COM ya swichi ya kwanza penye moto wa kudumu, au kuihamisha relei yenyewe kwenda kwenye taa. Usikubali fundi akikwambia "basi hiyo swichi ya uani msiiguse, tumieni ya mbele." Hapo hajatengeneza, amekupunguzia swichi.

Sababu ya pili, si ya mara nyingi, niutro imelegea kwenye konekta juu ya silingi. Inashika na kuachia, relei inakufa hata swichi haijaguswa, hasa mchana joto likipanda. Kaza, na kama shaba imeota ukijani ikate mpaka ufikie inayong'aa ndiyo uifunge upya.

Relei haikuwaka kabisa tangu siku ya kwanza

Angalia breka kwanza, kweli, watu wanasahau. Halafu angalia kama ganda la plastiki la waya limebanwa ndani ya tundu badala ya shaba, vuta kila waya kidogo kwa mkono umeme ukiwa umezimwa, unaotoka ulikuwa haujashika. Kisha niutro: aliyefunga kwenye boksi la swichi akakosa niutro, akaona waya mweusi akaukamata, kumbe mweusi ule ni waya wa kurudisha moto kwenye taa. Rangi nyumbani kwako ni ahadi ya fundi aliyepita, wengine walifunga kwa waya uliobaki siku hiyo. Amini mita.

Kuna wanaotafuta njia ya mkato, hawana niutro wanatumia ethi, waya wa ardhini. Usifanye hivyo kabisa. Relei itawaka, ni kweli, lakini umepitisha umeme kwenye waya wa usalama, ELCB, kile kikata umeme kinachoruka umeme ukivuja, itaruka kama ipo, na kama ethi ya nyumba ni mbovu, na nyingi zimeliwa na kutu ya pwani, mabodi ya chuma ya pasi, friji na pampu yanaweza kuwa na moto. Ukikuta relei imefungwa hivyo zima breka na uondoe kabla ya kutatua kingine chochote.

Kama vyote viko sawa na bado haiwaki, relei imekufa, na kwa zile za S1 na S2 sababu ya kwanza kushuku ni kwamba moto uliingia kwenye S.

Swichi moja inatii, nyingine inafanya kazi kwa zamu

Yaani ya uani inawasha endapo ya mbele iko juu, ya mbele ikiwa chini ya uani imekufa. Hapo COM imechanganywa na L1 au L2 kwenye swichi mojawapo, na si kosa la relei hata kidogo, tuwei ya kawaida ikifungwa vibaya inafanya hivyo hivyo.

Ukifungua boksi la nyumba ya zamani chokaa inakumwagikia mkononi kwanza, ndani unakuta nyaya tatu zote nyekundu, zimefifia, moja ina tepu iliyokauka ambayo fundi aliweka kama alama na wewe hujui alimaanisha nini. Fundi wa pili amekuja akabadilisha swichi, akafuata nafasi za skrubu za swichi ya zamani. Kosa lenyewe ni hilo, kwa sababu COM si lazima ikae mahali pamoja kwenye swichi za kampuni mbili, nyingine iko juu peke yake, nyingine iko chini, nyingine imeandikwa L tu au ina skrubu ya rangi tofauti. Soma herufi nyuma ya swichi, usifuate mkao.

Kama maandishi yamefutika tumia mita kwenye mlio, ile hali inayolia ncha mbili zikiwa zimeungana, swichi ikiwa nje haina waya wowote: COM ni skrubu inayolia na mojawapo ya wenzake swichi ikiwa juu na inalia na yule mwingine ikiwa chini. L1 na L2 zenyewe kwa zenyewe hazilii kamwe. Ukishaijua COM pande zote mbili kazi imekwisha, L1 na L2 ukizibadilishana haidhuru.

Mara chache sana utakuta mtu amenunua swichi ya wanwei, ile ya kawaida ya njia moja, akaiweka upande mmoja. Ina skrubu mbili, hesabu tu.

Lazima upige swichi mara mbili ndiyo taa iitike

Hapa usifungue ukuta, dawa iko kwenye simu. Jiulize: ni kila mara, au ni pale tu ambapo mtu ametumia simu kabla?

Kama ni kila mara, programu imewekwa hali ya kitufe cha kubonyeza, kama cha kengele, relei inahesabu pale mzunguko unapofunga tu, na swichi ya kawaida ikigeuka mara moja inafunga, ikigeuka tena inafungua, kwa hiyo nusu ya migeuko haihesabiwi. Kama ni baada ya kutumia simu tu, imewekwa hali ya kufuata swichi: swichi iliyofungwa maana yake taa iwake, iliyofunguliwa maana yake izime. Simu imeshaiwasha taa, wewe unakuja unageuza swichi ambayo inasema "washa," relei inaona imeshawaka, inanyamaza, mpaka ugeuze tena. Kwenye tuwei hali inayofaa ni ile ambayo kila mgeuko, uwe wa kufunga au wa kufungua, unabadilisha taa. Kwenye Shelly na Sonoff inaandikwa "edge". Chagua hiyo, hifadhi, jaribu mbele na nyuma.

Simu inawasha vizuri, swichi hazina habari

Anza na mpangilio, kuna hali inayotenga swichi na relei ili swichi itumike kwa mambo mengine, watu wanaibonyeza bila kujua. Kisha angalia waya: S1 au S2 imechomoka, au kwenye Shelly SW haipati moto kwenye mkao wowote. Zima breka, chomoa nyaya mbili za swichi kwenye relei, uzipime mlio wenyewe kwa wenyewe mtu akigeuza swichi. Mlio unapaswa kuja na kukatika kila swichi inapoguswa, yoyote kati ya mbili. Usipobadilika, tatizo liko ukutani, rudi kwenye COM. Ukibadilika vizuri na relei haisikii, tatizo ni relei.

Watu wanauliza pia bando likiisha itakuwaje. Swichi zinaongea na relei kwa waya, hazihitaji intaneti wala Wi-Fi. Kama kwako bando likiisha swichi nazo zinakufa, basi mtu aliweka ile hali ya kutenga halafu akaiunganisha swichi na taa kwa kupitia mtandao. Irudishe iwe ya moja kwa moja, taa ya korido haifai kumsubiri mtu anunue bando.

Relei inalia "tik" lakini taa haibadiliki

Ikilia na taa haiwaki, badilisha balbu kwanza. Halafu kama ni Shelly 1, kumbuka I na O ni mlango mtupu, moto hauingii humo wenyewe, lazima uwekwe kipande cha waya kutoka L kwenda I. Kikisahaulika relei italia mpaka kesho. Sonoff MINI haina kazi hiyo, moto unatoka wenyewe kwenye L Out.

Ikilia na taa haizimi, meno ya ndani ya relei yanayofunga na kufungua umeme yameshikana. Balbu ya LED ya wati 9 inakula chini ya ampea 0.1 ikishawaka, kwa hiyo mtu anaona relei ya ampea 10 ni kubwa mno, lakini sekunde ile ya kuwaka LED inavuta mkupuo mkubwa mara nyingi zaidi, na ukiwa na taa kumi na kitu za silingi kwenye relei moja meno yanaungua kidogo kidogo mpaka yanaganda. Ukiigonga ikaachia usifurahi, itaganda tena. Badilisha relei, na kwa taa nyingi mwambie fundi aweke kontakta, swichi kubwa inayoamrishwa kwa umeme, ili relei iamrishe kontakta tu. Tofauti na hapo, inawezekana ule waya wa zamani kutoka swichi kwenda taa haukuondolewa, taa inapata moto njia mbili. Hiyo inaonekana kwa sababu taa inazima kwenye mkao fulani wa swichi tu.

Taa inawaka yenyewe, au ikizimwa inabaki na mwanga hafifu

Kuwaka yenyewe usiku kunatisha watu, lakini kabla ya mengine fungua programu uangalie ratiba na kipima muda, na uangalie nani mwingine ana akaunti, watoto wanawasha wakiwa chumbani. Kisha tazama swichi zenyewe: zile zenye kitaa kidogo cha kuonekana gizani hazifai hapa. Kitaa kile kinapitisha umeme kidogo hata swichi ikiwa imefunguliwa, relei inadhani imebishiwa hodi. Weka swichi zisizo na kitaa.

Ya tatu ni umeme wa kunyemelea tuliouona kwenye mita. Korido ndefu, nyaya za swichi zimelala na moto paipu moja kutoka mlango wa mbele mpaka uani, tundu la SW likawa jepesi kuamka. Hapa fundi anaweza kutenganisha nyaya za swichi na za moto, au kufunga kidhibiti maalumu cha kampuni ya relei. Usichomeke kapasita yoyote uliyoitoa kwenye feni, ya kukaa kwenye umeme wa 230 lazima iwe ya daraja la usalama la X2.

Mwanga hafifu wa LED una sababu mbili tofauti kabisa na moja ni ya hatari. Ya kawaida ni huo huo umeme wa kunyemelea, au umenunua relei isiyohitaji niutro, ambayo inajilisha kwa kupitisha umeme kidogo kwenye balbu, balbu ndogo inabaki inang'aa au kupepesa. Kifaa cha baipasi kinachofungwa sambamba na taa kinamaliza. Ya hatari ni kwamba relei au swichi inakata niutro badala ya moto, taa imezima lakini holda ina moto kamili, siku ya kubadilisha balbu inakupiga. Pima holda kwa ethi taa ikiwa imezimwa. Ukikuta volti 230 acha hapo, ita fundi.

Umeme ukirudi taa zote zinawaka

Saa nane usiku umeme umerudi, nyumba nzima kweupe, units zinakwenda. Ni mpangilio wa hali ya kuanzia tu: iwake, izime, au irudi ilivyokuwa. Kwa korido weka izime au ilivyokuwa. Na umeme ukirudi ipe rauta dakika chache, relei inaamka kabla ya rauta, ikikosa mtandao inahangaika kwanza. Pia onya watoto wasipige swichi haraka haraka mfululizo, relei nyingi zinachukulia huo ni mwito wa kurudi hali ya kuunganishwa upya na zinasahau Wi-Fi yako.

Haishiki Wi-Fi, au inashika na kuachia

Relei hizi nyingi zinatumia 2.4 GHz peke yake. Simu yako iko kwenye 5 GHz, rauta ina jina moja kwa zote mbili, kuunganisha kunagoma. Tenganisha majina kwenye rauta, au zima 5 kwa muda. Nenosiri likibadilishwa relei haijui, iunganishe upya.

Halafu ukuta. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, za Tanga mjini na za Mji Mkongwe kule Bagamoyo, kuta zake ni nene na zinaimeza Wi-Fi, na boksi la swichi la chuma linaongeza. Jaribu kabla ya kufunga ukutani: simu ikae pale pale penye boksi, mlango umefungwa, uone mawimbi. Vile virauta vya laini ya simu vina kikomo kidogo cha vifaa, wageni wakija relei ndiyo inayotupwa nje.

Kingine cha huku kwetu ni joto. Relei nyingi zimeandikwa mwisho wa nyuzi 40, na juu ya silingi bodi chini ya bati, mchana wa Januari au Februari, panapita hapo kwa mbali. Inazima saa saba mchana, jioni inarudi, mtu anailaumu rauta. Niutro ichukue juu lakini relei yenyewe ishushe ikae kwenye boksi chini ya silingi.

Breka au ELCB inaruka

Ikiruka papo hapo unapopandisha breka, moto na niutro zimegusana, au moto umeingizwa kwenye S. Usijaribu tena na tena. Chomoa relei, funika kila ncha ya waya na konekta, pandisha. Ikikaa, kosa liko kwenye ufungaji wa relei, ikiruka liko kwenye nyaya za nyumba.

Ikiruka ELCB tu, na breka ya kawaida imetulia, mara nyingi niutro ni ya kuazima. Taa ya ngazi ndiyo mwenyewe: moto umetoka breka ya chini, niutro imechukuliwa ya juu kwa sababu ilikuwa karibu. ELCB inaona umeme umetoka huku haukurudi huku, inakata. Mbaya zaidi ni pale pasipo na ELCB, kwa sababu unazima breka ya chini ukidhani uko salama, unafungua niutro ile, na inabeba umeme wa taa za juu zilizowaka. Inapiga vile vile. Kwenye ngazi zima meini swichi, usizime breka moja.

Na kuna ufungaji wa zamani ambapo kila swichi imeletewa moto na niutro kwenye L1 na L2, taa ikawekwa kati ya COM mbili. Ulikuwa unaokoa waya. Taa ikiwa imezima pande zote mbili za holda zinaweza kuwa na moto. Ukipima ukakuta moto na niutro kwenye swichi moja ya tuwei kwa namna hiyo, relei haifungwi hapo mpaka wayaringi ibadilishwe, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni.

Joto, harufu, mlio wa kukaanga

Hapa hakuna kupima. Swichi ina joto ukiigusa, plastiki imebadilika rangi ikawa kahawia, unasikia harufu ya kuungua au sauti ya kukaanga ukutani: zima breka kwa mkono mkavu, na kama DB yenyewe ndiyo inanuka toka nje uite msaada. Sababu ya kwanza ni skrubu iliyolegea, ya pili shaba iliyoliwa na chumvi, ya tatu mtu ameunganisha pampu au pasi kwenye laini ya taa yenye waya wa milimita 1.5. Ukipigwa na umeme hata kidogo ukigusa swichi, ukuta wenye unyevu au bomba, au taa za nyumba nzima zikipanda mwanga na kushuka kwa pamoja, hilo nalo si la relei. Taa kupanda na kushuka kwa pamoja ni dalili ya niutro kuu mbovu, toa taarifa TANESCO siku hiyo hiyo na uchomoe friji na televisheni.

Fundi akija mpe mambo matatu ambayo yatamwokolea muda: picha ya kila boksi ulivyolikuta kabla hujagusa waya, jina la relei na karatasi yake ya maunganisho, na majibu ya ile mikao minne ya swichi, wapi taa iliwaka na wapi relei ilizima.